Matofali 1,148 ya Manute Bol: yangejenga nini Migori?

Ukipita vijijini kati ya Rongo na Homa Bay wakati wa kiangazi, utaona tanuri za matofali kando ya njia. Mrundo umepakwa tope, moshi unafuka juu, na kijana mmoja kakaa chini ya mti akilinda moto usizime. Upande huu hakuna asiyejua thamani ya tofali. Ni nyumba, na kwa familia nyingi ni karo pia, maana ukifyatua ya kutosha unauza na mtoto anarudi shuleni.

Wamarekani nao wana tofali lao, ila lao halijengi kitu. Mchezaji wa mpira wa vikapu akirusha mpira ukagonga pete na kurudi kwa kishindo, mashabiki husema amerusha tofali. Ni kejeli tu, ya kumwambia mtu mkono wake mzito.

Sasa hebu tuichukue kejeli hiyo kama kweli. Tuseme kila mtupo uliokosa unaanguka chini ukiwa tofali la kuchoma, jekundu, kavu. Tuseme tunayakusanya yote, tunapakia kwenye lori, tunayashusha Migori. Tungejenga nini?

Mchezaji wa kumfanyia hesabu hii ni Manute Bol. Alifariki Juni 19, 2010, wakati wewe huenda ulikuwa ukijifunza kusoma, au hata hujazaliwa. Kwa nini yeye na si staa mwingine? Vuta subira, utaona.

BINAMU WA KASKAZINI

Manute alikuwa Mdinka kutoka Turalei, eneo la Bahr el Ghazal katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Kama kwenu ni Ndhiwa, Mbita, Awendo au Uriri, jina la Bahr el Ghazal lisikupite hivihivi. Wanahistoria wanasema mababu wa Waluo walianzia safari yao pande hizo, wakashuka polepole kupitia Uganda, wakaishia kwenye fukwe za Ziwa Victoria. Waluo na Wadinka ni Waniloti wote wawili. Waliachana njiani karne nyingi zilizopita, lakini undugu haukufutika.

Ushahidi upo nyumbani. Muulize nyanya yako, au umwite dani, kuhusu wazee wa zamani waliong'olewa meno ya chini ili wahesabiwe watu wazima. Manute naye aling'olewa ya kwake kwa mila hiyohiyo. Halafu inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alipojaribu kuusukumiza mpira ndani ya kikapu, mdomo ulikwama kwenye wavu na akapoteza meno mengine. Mila ilichukua ya kwanza, mpira wa vikapu ukachukua ya ziada.

Alikulia kwenye ng'ombe. Alipenda soka kwanza, lakini mwili ulikataa: alizidi kurefuka mpaka soka ikamshinda. Akahamia mpira wa vikapu, akacheza Wau, kisha Khartoum. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kocha mmoja Mmarekani, Don Feeley, alienda Sudan kufundisha, akamwona, na kumshawishi avuke bahari.

Urefu wake ulikuwa mita 2.31. Inasimuliwa kwamba hati yake ya kusafiria iliandika kama mita 1.57, kwa sababu aliyempima alimpima akiwa amekaa. Ofisi za serikali, unazijua. Tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa Oktoba 16, 1962, ingawa wengi walitilia shaka mwaka huo. Huko kwao hakukuwa na karani wa kuandika vyeti vya kuzaliwa kambini kwa ng'ombe.

Alicheza mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Bridgeport, na mwaka 1985 timu ya Washington Bullets ikamchukua kuingia NBA. Msimu wa kwanza tu alizuia mitupo 397 ya wapinzani. Hakuna mchezaji mgeni aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika msimu wake wa kwanza, wala kabla yake wala baada yake. Kumbe jamaa alikuwa ukuta unaotembea.

Kama unataka kuielewa picha hiyo, nenda Thimlich Ohinga hapo Migori, ngome ya mawe ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zile zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo wa kuungia, na zimesimama kwa karne kadhaa. Mwembamba, hana nyama, hana chochote cha kumshikilia, lakini hupiti. Huyo ndiye Manute chini ya kikapu.

HAYA, TUPIGE HESABU

Katika misimu 10 ya NBA, kuanzia 1985 hadi 1995, Manute alirusha mpira mchezo ukiendelea mara 1,590. Ziliingia 647. Toa, zinabaki 943. Mitupo huru alipewa 467, akafunga 262, akakosa 205. Jumlisha 943 na 205. Unapata matofali 1,148.

Twende kwa fundi. Chukua tofali ambalo likishawekwa pamoja na udongo wa kuungia linakula sentimita 25 kwa 10 za ukuta. Mita moja ya mraba itahitaji matofali 40. Fundi wako anaweza kuwa na kipimo tofauti, mwache, hii ni hesabu ya gazeti.

Nyumba yetu ni ile unayoijua vizuri: chumba cha futi 10 kwa 10. Tuseme mita 3 kwa 3, kuta za kimo cha mita 2.4. Kuta nne zinakupa mita za mraba 28.8. Ondoa mlango, mita 1.8. Ondoa dirisha, mita 1. Zinabaki 26. Zidisha kwa 40 upate matofali 1,040.

Kwa hiyo miaka 10 ya kukosakosa Marekani inakupa chumba kimoja cha kupanga Migori mjini, na matofali 108 yanabaki. Hayo 108 usiyaulizie. Fundi atakwambia yalivunjika njiani.

Mbaya zaidi, mwenye nyumba mwenyewe hangeishi humo kwa raha. Akisimama wima, kati ya utosi wake na dari zimebaki sentimita 9. Mlango wa mita 2 angeuinamia kila asubuhi kama anayeingia kwenye tundu la kuku.

Usimcheke haraka, lakini. Mlinganishe na Kobe Bryant, ambaye picha yake imebandikwa kwenye matatu nyingi tu. Kobe alikosa mitupo 14,481 ya uwanjani, bila hata kuhesabu mitupo huru. Hayo ni vyumba 13 kamili na matofali 961 juu. Kobe angekuwa landilodi, na ploti nzima pale Rongo, anakuja tarehe tano kudai kodi. Anayekosa sana ni yule anayeachiwa mpira arushe. Asiyerusha hana tofali hata moja, na hana nyumba.

Manute hakuwekwa pale arushe. Aliwekwa azuie. Katika maisha yake ya NBA alizuia mitupo 2,086, na akafunga pointi 1,599 tu. Kati ya wachezaji wa muda mrefu wa ligi hiyo, ni yeye pekee aliyestaafu akiwa amezuia mara nyingi kuliko pointi alizofunga. Tena jumlisha mitupo yake yote, ya uwanjani na huru, iliyoingia na iliyokosa: 2,057. Bado haifiki idadi aliyowazuia wengine.

Sasa kila mtupo aliouzuia si ulikuwa tofali la mtu mwingine? Basi tuyahesabu. Matofali 2,086 ni vyumba viwili, na sita yanabaki. Ukichanganya na 1,148 yake mwenyewe unapata 3,234.

Hapo tuache vyumba vya kupanga. Jenga darasa. Mita 8 kwa 6, kuta za mita 3, unapata mita za mraba 84. Toa mita 14 za mlango na madirisha, zinabaki 70. Matofali 2,800. Yanabaki 434. Choo cha shimo cha mita 1.5 kwa 1.5, kimo mita 2, ukitoa mlango kinakula 420. Yanabaki 14. Hayo mpe mwalimu aegemezee mlango upepo wa ziwa unapovuma.

Darasa moja na choo kimoja. Shikilia picha hiyo, tutairudia.

WALIPOMCHEKA

Watu walimcheka Manute sana. Msimu wa 1987/88 Bullets walimweka timu moja na Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60. Tofauti ya sentimita 71. Wapiga picha hawakulala.

Msimu uliofuata akahamia Golden State Warriors, na kocha Don Nelson akamruhusu kitu cha ajabu: arushe kutoka mbali, mitupo ya pointi tatu. Wakati huo mtu mrefu kazi yake ilikuwa kukaa chini ya kikapu. Manute alirusha 91, zikaingia 20. Matofali 71 msimu mmoja, na uwanja mzima ukimhimiza arushe tena. Wengine walimpenda, wengine walitaka kuona vituko.

Halafu Machi 3, 1993, akiichezea Philadelphia 76ers dhidi ya Phoenix Suns, alirusha pointi tatu 12 katika kipindi cha pili. Zikaingia sita. Leo watu warefu kama Victor Wembanyama wanarusha kutoka mbali na hakuna anayeshangaa. Manute alifanya hivyo mapema, akalipwa kicheko.

PESA ZILIKWENDA WAPI

Hapa ndipo utajua kwa nini nilimchagua.

Mwaka 1983 vita vilianza tena Sudan kati ya serikali ya Khartoum na watu wa kusini. Vilidumu miaka 22. Inakadiriwa watu milioni mbili hivi walikufa, kwa risasi, njaa na magonjwa. Kambi ya Kakuma, hapa kwetu Turkana, ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kuikimbia vita hiyo. Mkataba wa amani nao ulitiwa saini Nairobi, Januari 9, 2005.

Manute aliwapoteza ndugu wengi sana. Yeye yuko Marekani, analipwa vizuri, na kila habari ya nyumbani ni ya kifo. Kwa hiyo akaanza kutoa. Alitoa kwa wakimbizi, alitoa kwa vuguvugu la watu wa kusini, alisafiri kambini kuwaona watu wake. Inakadiriwa kwamba alitoa dola milioni 3.5, sehemu kubwa ya alichowahi kupata.

Turudi kwenye kikokotoo. Gawanya dola 3,500,000 kwa matofali 1,148. Kila mtupo aliokosa unabeba dola 3,049. Kwa kiwango cha shilingi 130, hiyo ni kama shilingi 396,000. Tuseme tofali la kweli ni shilingi 10, na kama kwenu ni ghali zaidi, rekebisha. Unapata matofali 39,600 kwa kila mtupo uliokosa. Ukijenga madarasa kwa kipimo chetu cha 2,800, kila mtupo ule uliochekwa unalipia matofali ya madarasa 14.

Bila mabati, bila madirisha, bila fundi, najua. Na ukweli ni kwamba pesa nyingi hazikununua matofali. Mtu mwenye njaa humpi tofali. Zilienda kwenye chakula na mahitaji ya vita, vitu ambavyo vikishatumika havibaki kuonekana.

Wewe unayefanya kazi Nairobi na simu inaita kila mwisho wa mwezi kutoka Kendu Bay au Isebania unaelewa. Karo ya binamu. Dawa ya baba mkubwa. Matanga. Unatuma, na hakuna jengo la kuonyesha kwamba ulituma. Manute aliishi hivyo kabla ya M-Pesa, na ukoo wake ulikuwa taifa zima.

Bei aliilipa. Miaka ya 1990 ilipokuwa ikiisha alikuwa Khartoum, mambo yamemgeukia. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliahidiwa cheo serikalini kwa sharti abadili dini, naye alikuwa Mkristo, akakataa. Walimshuku kuwa anawaunga mkono waasi. Pesa zilikwisha. Wafuasi wake Marekani walichanga ili aweze kuondoka, akakwama Misri kwa miezi, na mwaka 2002 akarudi Marekani akiwa mkimbizi. Mtu aliyekuwa akisaidia wakimbizi.

Mwaka huohuo alipanda ulingoni kwenye kipindi cha ndondi cha runinga ya Fox, kupigana na William Perry, mchezaji wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, jitu la kilo nyingi. Alikubali kwa sharti kwamba nambari ya simu ya wakfu wake ionyeshwe hewani. Alishinda. Akasajiliwa pia na timu ya magongo ya barafuni ingawa hakujua kuteleza, na akaorodheshwa kuwa jokii wa farasi, na miguu ile! Watu walicheka tena. Safari hii aliwauzia kicheko chenyewe, na mapato yakaenda kwa watoto wa kwao.

Je, alikosea kutoa mpaka akabaki mikono mitupu? Swali ni la haki, na mwaka 2004 lilimuuma. Teksi aliyopanda Connecticut ilipata ajali, akavunjika shingo, na hakuwa na akiba ya kumtegemeza. Kama ungekuwa mdogo wake, pengine ungemwambia ajiwekee hata chumba kimoja, kile cha matofali 1,040. Simwoni kama mfano wa kuigwa katika kila kitu. Anayetoa naye huugua, huzeeka, na ana watoto.

MATOFALI YA KWELI

Miaka yake ya mwisho alishirikiana na shirika la Sudan Sunrise kujenga shule kwao Turalei, iwe ya watoto wote, wa Kikristo na wa Kiislamu. Ndoto yake ilikuwa shule 41. Safari hii yalikuwa matofali ya kweli.

Mwaka 2010 alikuwa Sudan Kusini wakati wa uchaguzi wa Aprili, mgonjwa tayari, lakini hakuharakisha kuondoka. Aliporudi Marekani figo zilikuwa zimeshindwa, na ugonjwa mkali wa ngozi ukamshika. Alifia hospitalini Charlottesville, Virginia. Mwili wake ulirudishwa, akazikwa Turalei. Mwaka mmoja baadaye, Julai 9, 2011, Sudan Kusini ikawa nchi huru. Hakuiona bendera ikipanda.

Lakini kuna hesabu moja ambayo haimo kwenye takwimu za NBA. Kule Misri, familia moja ya Kidinka iliyokimbia vita ilikutana na Manute. Alimfundisha mpira wa vikapu kijana wao mkubwa, Ajou Deng, na akamwongoza mdogo wake, Luol. Huyo Luol Deng alikuja kuwa nyota wa NBA. Mwaka 2019 akachukua uongozi wa shirikisho la mpira wa vikapu la Sudan Kusini, na akalipia timu ya taifa kutoka mfukoni mwake. Unamjua aliyemwonyesha kwamba hilo linawezekana.

Julai 20, 2024, mjini London, timu hiyo iliikaribia Marekani kwa pointi moja: 101 kwa 100, Wamarekani wakiwa na LeBron James na Stephen Curry. Wiki moja baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Nchi ya miaka 13, isiyo na uwanja wa ndani wa maana.

Kwa hiyo ukiwa uwanjani jioni pale Oyugis au Migori, ukarusha mpira ukagonga pete na wenzako wakapiga kelele kwamba ni tofali, usikasirike. Liandike kwenye daftari. Yakifika 1,040 utakuwa na chumba, 2,800 darasa. Ila ya mtandaoni na ya uwanjani hayaezeki nyumba ya mtu. Yale mengine, ya tanurini, bei yake unaijua, na shule iliyokufundisha kusoma huenda bado ina darasa ambalo ukuta wake haujafika juu.